Shikamoo Bomba

Bomba la mtaani kwetu Chanika lilizinduliwa kwa ngoma na hotuba, likatoa maji wiki mbili, kisha likanyamaza. Mama yangu alilipita kila asubuhi akienda kisimani bondeni, na kiuno chake kilikuwa kimeshachoka ndoo. Siku moja, mbele ya majirani, aliitua ndoo yake tupu, akapiga magoti kama wanavyofanya wanawake wa kwetu Bukoba mbele ya mtu mkubwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo bomba," akasema. "Naona uzee umekufika, hata mate huna."

Majirani walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Nikapiga picha, nikairusha mtandaoni na maneno mawili: #ShikamooBomba. Sikumwuliza. Wazo la kumwuliza halikunijia hata kidogo, maana niliona huyu ni mama yangu na hii ni vita ya haki.

Kufikia jioni, watu wa mitaa ambayo sijawahi kukanyaga walikuwa wanapiga magoti mbele ya mabomba yao makavu na kutuma picha. Mwingine, kule Kawe, alisimama kwenye dimbwi akaandika, "Shikamoo barabara." Nilifurahi mno. Sikupika, sikufua, nilishinda nikisoma maoni na kucheka peke yangu sebuleni.

Halafu mambo yakageuka. Mwenye baa mmoja wa Sinza alimkata mama yangu kwenye ile picha, na kanga yake ya kushindia, akambandika mbele ya chupa ya bia: "Shikamoo ya baridi." Ikawa stika, ikaingia kwenye magrupu. Wengine wakasema bibi wa watu kachanganyikiwa. Nikaandika maelezo marefu kwamba ana akili timamu, kwamba kosa ni langu, kwamba naomba radhi. Watu wakanijaza makopa mekundu, nami nikalala nikijiona mtoto mwema.

Mama yangu anatumia kitochi, kile kisimu chenye tochi na redio tu. Stika aliiona Jumamosi kwenye jumuiya, baada ya sala, kwenye simu ya mwenzake aliyedhani mama anajua tayari. Alirudi na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akaketi bila kuvua viatu.

"Umenipigisha magoti baa," akasema.

"Mama, ishu imefika mbali. Nchi nzima inaongelea maji yetu."

"Maji sijayakataa. Ila sie kwetu tunampigia magoti mkubwa. Wewe umenifanya nipigie chupa."

Akaingia chumbani. Siku zilizofuata aliniitikia salamu, akanipakulia chakula, lakini hadithi zake zote aliwapelekea majirani. Niliumia, na bado nilijitetea moyoni kwamba nilifanya kwa ajili ya kiuno chake.

Wiki iliyofuata mafundi walikuja. Walifukua, wakabadilisha kipande kilichopasuka, na maji yakatoka, kwanza yenye kutu, kisha meupe. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Fundi mmoja akauliza yule mama wa kwenye picha yuko wapi, apige naye picha. Mama akajifunika uso kwa mtandio, na mkono wangu, kwa mazoea yake mabaya, ukaenda kwenye simu.

Aliuona.

"Mwanangu," akasema, akiwa ameinamia ndoo, "maji nimeyaona. Samahani yako ndiyo sijaisikia."

"Niliandika, mama. Watu wote waliisoma."

"Mie nina kitochi."

Nilisimama pale, majirani wote wakisikia. Nikamwambia nisamehe mama, nilikutumia bila kukuuliza. Alisubiri ndoo ijae, akafunga koki, akanitwisha mimi.

"Ungeniuliza ningekubali," akasema. "Tena ningevaa gauni la kanisani."