Maua Niliyoyanusa

Sijui kama ni mimi wa kuandika mambo haya. Shule niliiacha mapema, na dini yenyewe haikuwa yangu.

Kwa miaka sita niliuza vitambaa katika butike ya mama mmoja Muhindi, hapa Goma. Kwenye rafu nyuma ya meza ya kuuzia alikaa Ganesh, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, pembe yake moja imevunjika. Kila asubuhi mama aliwasha taa ndogo ya mafuta, akamwekea maua, akanong'ona. Kabla hajamaliza hatukuuza hata mita moja.

"Ngoja kidogo, mama, patron wetu anasali," tulimwambia mteja.

"Anasali kwa nyama ya pori?" mteja aliuliza.

Mwanzoni na mimi nilicheka. Niseme ukweli.

Maua nilileta mimi, kutoka kwa jirani yangu kule Katoyi aliyepanda mawaridi katikati ya mawe ya volkano. Njiani niliyanusa moja moja. Kwetu Butembo mwanamke hanunui kitu bila kukinusa, hata samaki ya chumvi.

Halafu bwana ya mama Muhindi, muzee mpole, akapelekwa Kampala kupasuliwa moyo. Wiki ile mama alisali hadi taa ikaisha mafuta. Asubuhi moja mteja akachukua ua kwenye sahani, akalinusa. Mama akaliondoa polepole.

"Ua lililonuswa hatumpi Ganesh tena," aliniambia. "Harufu ni yake kwanza."

Miaka sita! Nikisema, labda atanifukuza, au ataamini nimeharibu maombi ya bwana yake. Nikinyamaza, anaendelea kuomba na maua yangu yaliyonuswa. Niliendelea kupima vitambaa mpaka mchana. Sijivunii masaa yale.

"Mama, mimi nayanusa. Kila siku."

"Yote?"

"Yote, mama. Nilikuwa naangalia kama ni mazuri."

Kwa kuchelewa alikuwa anatupigia kelele sana, lakini siku hiyo hakupiga. Alikaa, macho yakamjaa machozi. Kisha akaosha sahani mwenyewe.

"Nenda ulete mengine."

Nilirudi nayo kwa miguu, mkono nimeunyoosha mbele kama mutu aliyebeba sufuria ya moto. Motari mmoja akapunguza mwendo wa pikipiki yake: "Mama, hayo maua yanauma?" Sikumjibu, nisije nikavuta pumzi.

Mama aliyapokea, akaniangalia, akayaweka mbele ya Ganesh. Hakuniuliza kama nimeyanusa.

Muzee alirudi, amekonda lakini anatembea. Na mimi nilikuwa nimewasha mushumaa kwa Bikira Maria parokiani, kwa hiyo sitaki kujipa sifa, wala kumnyima Ganesh yake. Baadaye walihama. Pale sasa wanauza simu, na nikipita natafuta ile harufu ya taa yake ya mafuta, siipati.

Jumamosi napeleka maua ya altare. Padri hajawahi kutukataza kunusa. Lakini nayabeba vilevile, mkono umenyooka, kutoka Katoyi mpaka mlango wa kanisa.