Mashine ya Baba Juu ya Magunia ya Salfa

Siku tulipoanua matanga ya mama, mjomba aliondoka na mashine ya baba. Baba alikuwa ametangulia kufariki. Mashine yenyewe ilikuwa boksi la mbao alilolitengeneza kwa mikono yake: inaingia sauti dhaifu ya maiki, inatoka sauti ya kuendesha spika, na pembeni kuna tundu la hedifoni ili mpigaji asikie kabla watu hawajasikia. Sherehe za kuwatoa wali unyagoni, Newala mjini na vijijini, zilikuwa zikiigombania.

"Nawatunzia," mjomba alisema, akiifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki.

Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyemjibu. Mimi nilikuwa kidato cha pili, wadogo zangu wamesimama nyuma yangu. Nilimtazama akikaza ule mpira, nikaapa kwamba ataufungua mwenyewe, mlangoni kwangu.

Shule niliacha. Niliweka meza barazani karibu na soko la Newala, nikawa natengeneza redio na simu, kazi niliyoijua kwa kukaa na baba. Wadogo zangu walisoma. Mjomba naye aliikodisha mashine huku na huku, na kila nilipopita penye sherehe niliisikia, mzee wangu yuko kaburini bado anamfanyia mtu kazi.

Nikajitengenezea yangu. Vifaa nilivitoa kwenye redio mbovu nilizozikusanya Masasi, na boksi nililikata kwenye debe la mafuta ya kula. Mezani ilitoa sauti safi. Nikaipeleka Lisekese, sherehe yangu ya kwanza, na huko ikaanza kupasuka mbele za watu, krrr, krrr, kila nilipogusa volyumu. Mjomba alikuwa miongoni mwa wageni. Akasimama na sahani yake ya pilau.

"Jamani, mvumilieni mpwa wangu," akasema. "Anakaanga mihogo."

Walicheka wote, hata walioniita kupiga. Tangu hapo sokoni watu walinisalimu kwa kuniuliza kama mihogo imeiva. Nilijibu salamu, nikainama kwenye kazi. Nilichokitaka kilikuwa kimoja: ya kwake inyamaze mbele ya watu walewale, na yangu iseme.

Niliiongezea kikuza sauti kidogo cha hedifoni chenye waya wa kugusia, ili nisikilize kila hatua peke yake. Penye maiki, safi. Baada ya hatua ya kwanza ya kukuza, safi. Baada ya volyumu, mihogo. Nikabadilisha volyumu. Ikatulia kwa muda, ikarudi kukaanga. Nikataka kuchomelea upya viungo vyote, risasi iliyoyeyuka ikakataa kushika waya. Nilipokwangua waya kwa wembe ndipo nilipoona: shaba ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni.

Mashine nilikuwa naiweka chumbani, juu ya magunia ya salfa, ule unga wa njano tunaoipulizia mikorosho. Nani huku haweki salfa chumbani? Ndicho chumba chenye kufuli, ndicho kikavu. Nikachukua vipande viwili vya waya mpya, kimoja nikakitundika juu ya magunia, kingine nikakiacha barazani. Cha barazani kilibaki chekundu. Cha chumbani kikawa cheusi.

Basi nikaihamisha, nikabadilisha waya na volyumu, nikaziba matundu ya debe. Haikukaanga tena.

Baada ya hapo nilikwenda Mkunya kumsalimu mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa. Mihogo imeiva?"

"Bado, mjomba."

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Boksi la baba lilikuwa mle ndani, juu ya magunia ya salfa, limetapakaa unga wa njano mpaka kwenye vitufe.

"Unatazama nini?"

"Kazi ya baba."

"Si niliwaambia nawatunzia?"

Nilimshukuru. Nyumbani nilimsimulia mdogo wangu wa kike, akaacha kupepeta.

"Dada, mwambie aitoe."

"Simwambii."

"Lakini inayoharibika ni ya baba."

"Najua ni ya nani. Yangu nimeitibu. Na hiyo nitaitibu ikifika hapa."

Msimu mzima sikusema neno. Ilinichoma, kwa sababu kila kiungo mle ndani nilikijua, na nilijua kinavyoliwa.

Mjomba alipomtoa binti yake unyagoni aliwaalika wote, hata wale wa Lisekese. Alishika maiki kuwaita watoaji zawadi. Mashine ikapasuka, ikapasuka tena, ikanyamaza. Alipiga boksi kofi. Mama mmoja akauliza kwa sauti kwamba leo anayekaanga ni nani. Mdogo wangu akanijia mbio: wanaiomba mashine yako. Nilikuwa nimekuja nayo, imefungwa kwenye kanga. Niliiunga, nikavaa hedifoni, nikasikia kimya safi, kisha nikampa mjomba maiki. Alisema kwa sauti ndogo sana.

Baadaye mjomba alikuja barazani kwangu na pikipiki. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akiufungua mpira ulioshika boksi la baba.

"Itazame, mpwa. Sijui imepatwa na nini."

"Iache, mjomba."

"Mpaka lini?"

"Nakutunzia."

Aliwasha pikipiki akaondoka. Niliifungua siku hiyohiyo. Nilibadilisha karibu waya zote, na pale risasi ya baba ilipokuwa bado nzima sikuigusa. Sasa inakaa rafu ya juu barazani, na huwa namwambia mdogo wangu wa mwisho kwamba mtoto wake ndiye nitakayemfundisha kuipiga.

Mjomba alinunua mashine mpya ya dukani. Juzi nilikwenda kumsalimu, nikaiona mle stoo, juu ya magunia ya salfa ya mwaka huu.

"Nzuri, eti?" akasema.

"Nzuri sana, mjomba," nikamjibu. "Umeiweka mahali pazuri."