“Uko Tayari Kwenda Nyumbani?”

Saa tatu asubuhi gari limeshatoka getini. Odell Swink, mwenye miaka sitini na mmoja, amekaa mbele, amevaa suti nyeusi, Biblia magotini. Mzigo wake wote ni mfuko mmoja wa plastiki. Dereva, Rhonda Gaddy, anamtupia jicho, haelewi.

Kazi ya Rhonda ni kuwatoa wagonjwa wa akili kwenye makao ya kulelewa na kuwapeleka kwenye nyumba zao wenyewe. Wagonjwa waliishtaki serikali ya jimbo, kesi ikaisha kwa mapatano mahakamani: watu wapewe nyumba na wauguzi wa kuwatembelea, ila asihamishwe mtu bila kuulizwa.

Karatasi ya kukubali kuhama ina swali la maneno magumu, basi Rhonda akalilainisha: “Uko tayari kwenda nyumbani?” Odell, aliyekaa makaoni miaka kumi na tisa, alikataa mara tatu. Jumatatu akakubali.

“Redio yako iko wapi, Mzee Odell?”

“Nimempa Clyde niliyekuwa nalala naye chumba kimoja.”

“Na koti la baridi?”

“La nini kule?”

“Kule kuna baridi kama hapa! Si hapo tu, nyuma ya kituo cha mafuta?”

Odell anageuka. “Kituo cha mafuta?”

“Kwani ulidhani wapi?”

“Wewe si uliniuliza kama niko tayari kwenda nyumbani? Mama alipozikwa, mchungaji alisema amekwenda nyumbani. Kanisani kwetu wote huenda hivyo. Nikakwambia hapana, hapana, hapana. Jumatatu nikachoka kubishana nawe.”

Rhonda anaegesha gari kando.

“Na mimi nimelelewa kanisa la namna hiyo,” anasimulia Rhonda baadaye. “Bibi yangu tulimuaga kwa maneno hayo hayo. Makaratasi yamenisahaulisha lugha ya kwetu.”

Sasa afanyeje? Sahihi aliyonayo ni ya mtu aliyekubali kufa. Akiifuta, nyumba aliyowekewa mpaka mchana atapewa mwingine, na Odell atasubiri labda mwaka. Akinyamaza, amemhamisha mtu asiyeulizwa.

“Nakuuliza upya, mzee. Hufi. Ni chumba, jiko na ufunguo. Unataka?”

“Ufunguo nakaa nao mimi?”

“Wewe.”

“Na nikikataa, unanirudisha?”

“Sasa hivi.”

“Verna wa jikoni ameniaga kwa machozi, kanifungia na keki. Akiniona narudi mzima atanipiga mwiko!” Anacheka, kisha anaacha. “Twende nikauone mlango.”

Wanafika. Odell anapokea ufunguo, anaingia, anajifungia. Rhonda amebaki nje. Anagonga.

“Nani?”

“Rhonda.”

“Njoo kesho.”

“Nikaandika kwamba amekubali,” anasema Rhonda. “Mpaka leo sina hakika.”

Odell bado anaishi pale. Muuguzi huja Jumanne na Ijumaa. Clyde amegoma kurudisha redio. Verna alimpelekea Odell koti, akamgombeza mlangoni.

Rhonda sasa huuliza, “Unataka ufunguo wako?” na anataka karatasi zote za jimbo ziulize hivyo. Aliamua kuwarudia watu kumi na wawili walioandikwa kuwa wamekataa. Watano wamehama. Sita wamesema wanapenda kubaki makaoni. Wa mwisho, Bi Ina Lyle, Rhonda alichelewa kumuuliza upya. Tangazo la mazishi lilisema amekwenda nyumbani.