Walisema "citoyen" si mimi: sangala wangu wa Kalemie

Wakuu, heshima kwenu wote, wanawake kwa wanaume.

Kuna jamaa humu jana kaandika kwamba kuvua kwa mashindano ni mambo ya wanaume. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Kaa hapo hapo ndugu, bibi yako nakuletea ushahidi, na sitaongeza hata mkia wa samaki.

Sasa naishi Kigoma, ila nimezaliwa na kukulia Kalemie, ng'ambo ya ziwa, enzi zile nchi inaitwa Zaire.

Wakati huo serikali ilitaka watu waitane citoyen, yaani raia. Mwanamke ni citoyenne. Lishikeni hilo neno, mtalihitaji mbele.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Hakupata mtoto wa kiume, akanifundisha mimi kuvua kwa mshipi wa mkono. Watu walinong'ona kwamba mwanamke akipanda mtumbwi samaki wanakimbia. Baba aliwajibu kwa kuwaonyesha ndoo iliyojaa.

Alipofariki, hata matanga hayajaisha, baba mdogo akaja kudai mtumbwi.

"Mutumbwi haiwezi kubakia kwa mwanamuke," alimwambia mama mbele yangu. "Mutafanya nayo nini? Mutatwangia sombe?"

Sombe ni kisamvu, kwa wasioelewa. Niliumia sana. Mtumbwi ule ndio ulikuwa chakula chetu, mimi na mama.

Wiki hiyo hiyo, kiangazi kikianza, karatasi ikabandikwa gatini: mashindano ya kuvua sangala, yule samaki mkubwa mla wenzake, wazi kwa kila citoyen.

Nikamwambia baba mdogo, nikishindwa chukua mtumbwi. Nikishinda, usiutaje tena. Akakubali mbele ya majirani huku anacheka. Alijua hawataniandikisha.

Na kweli, nilipokwenda kujiandikisha, rais wa kamati ya mashindano alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala.

"Tuliandika citoyen. Hatukuandika citoyenne. Rudia ku nyumba, mama."

Damu ikanichemka.

Sasa wakuu, Zaire kulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuzibua mifereji. Usipotokea, unatafutwa nyumbani, na waliokuwa wakituita ni hao hao wa kamati.

"Citoyen Prezida," nikamwambia, "wiki iliyopita mulipita na megafoni: kila citoyen kwa salongo! Niliendaka na jembe, mukaniandika. Ile siku nilikuwa citoyen. Leo njo nimekuwa nini?"

Wauza samaki waliokuwa nyuma yangu wakapiga vigelegele. Mmoja akauliza kwa sauti kama basi wanawake wapumzike salongo ya kesho. Rais akachukua daftari, akaandika jina langu bila kuniangalia.

Siku ya mashindano wenzangu walikuja na fimbo za kuvulia kutoka Lubumbashi, na vyambo vya bati vinavyong'aa. Mimi nilikuwa na nailoni ya baba niliyoizungusha kwenye kipande cha mti, na migebuka wadogo wa chambo, walio hai ndani ya ndoo.

Walinicheka. Nikapiga kasia mpaka kwenye miamba ambako baba alikuwa akinipeleka.

Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne, hakuna kitu. Nilianza kumsikia baba mdogo kichwani na kinu chake cha sombe.

Halafu nailoni ikaondoka.

Kosa la wengi ni kuvuta hapo hapo. Sangala mkubwa ukimbania mapema anakata. Nilimpa uzi, nikamvuta, nikampa tena, na mtumbwi ukaburutwa kuelekea kule Mto Lukuga unakotokea ziwani. Nailoni ilinichana kiganja. Kovu ninalo mpaka leo, nikishika simu kuandika hapa naliona.

Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja. Sikumwachia.

Pale gatini wanaume wawili walimbeba sangala wangu kwa mti uliopitishwa kwenye mashavu. Hakuna samaki mwingine aliyefika hata karibu yake kwenye mizani. Baba mdogo alikuwepo, ameangalia miguu yake.

Jioni alikuja nyumbani. Mama akampakulia kichwa cha sangala, na pembeni akamwekea sombe. Alikula yote. Mtumbwi hakuutaja tena.

Cheti kikaja kimechapwa: Citoyen, halafu jina langu. Katibu wa kamati akaona, akatoa kalamu aongeze "ne" mwishoni.

Nikamshika mkono.

"Acha vile," nikamwambia. "Hili njo neno lenye mulinikatalia."

Kipo ukutani kwangu hapa Kigoma, hakijaongezwa herufi.

Nilichojifunza: wakikuhesabu kwenye jembe, dai wakuhesabu na kwenye cheti, tena kwa neno lao wenyewe.

Haya, jamaa wa jana, uwanja ni wako. Na wengine mliowahi kuambiwa "hili halikuhusu", mwageni yenu hapa chini, nimeweka miwani nasoma.