Josineide na Ukuta Niliouosha

Ninachowaandikia hapa hamtakiamini, wala siwalaumu. Lakini mimi ndiye bawabu wa jengo hili la ghorofa kumi na mbili hapa Recife, Brazili, mwaka wa ishirini na tatu sasa, na hakuna hata panya anayepita langoni kwangu bila salamu.

Habari yenyewe ni ya Josineide, binti wa mama mpiga pasi wa mtaa wa nyuma. Alikua akimsaidia mama yake kunyoosha mashati ya watu, akasoma ufundi, na leo anatembea na kamera isiyopiga sura bali joto. Kigae cha nje ya jengo kikiachana na ukuta, hewa hukaa nyuma yake, basi jua likikipiga kinapata moto kuliko wenzake, na kwenye kamera kinaonekana chekundu. Nilicheka sana. Mimi niliwahi kuwa fundi vigae. Nagonga kwa kidole, nasikia kilicholegea. Kwamba kidole hakifiki ghorofa ya sita, hilo nililinyamazia.

Waliposikia ukuta wa mashariki utapigwa picha, wakazi wakajiandaa kama wanaoenda harusini. Nguo zikaanuliwa madirishani, bibi wa ghorofa ya nne akaweka maua. Nami, kwa akili zangu nyingi, asubuhi na mapema nikapanda paani na mpira wa maji, nikauosha ukuta mzima. Ukang'aa!

Saa mbili Josineide akafika, akaelekeza kamera. Buluu tupu.

"Umeona?" nikajitapa. "Mzima kama mimi."

"Mjomba, nani kaumwagia maji?"

"Sasa ulitaka upigwe picha na uchafu?"

"Mjomba wewe!" Akashika kichwa. "Maji yamepoza kila kitu. Hapa naona ubaridi wako tu."

Kamati ya jengo ikamwomba aandike tu kwamba ukuta ni mzima, mambo yaishe. Akakataa. Akasema atapiga kesho tena, bila hata tone la maji. Kisha akamwendea Lindalva, muuza tapioka, zile chapati za wanga wa muhogo zenye jibini ndani, ambaye toroli lake limesimama chini ya ukuta ule tangu wanawe wakiwa wachanga.

"Dada Lindalva, hamia ng'ambo ya barabara leo na kesho."

"Na wateja wangu wa kituo cha basi?"

"Wanafuata jibini yako, hawafuati ukuta."

Nikadakia: "Mwache mama wa watu auze! Mwenyewe huna uhakika."

"Ndiyo maana namhamisha, Mjomba. Sina uhakika."

Lindalva akasukuma toroli, akitulaani wote wawili.

Kesho yake ukuta ulikuwa mkavu. Jua lilipoukolea, doa jekundu pana kama mlango likajitokeza ghorofa ya sita, juu kabisa ya mahali pa toroli. Josineide akazungushia eneo lote utepe. Mafundi wakateremka kwa kamba. Wa kwanza aligusa tu, vigae vikaachia kwa mkupuo mmoja, vikatua penye alama za magurudumu ya toroli.

Lindalva akaja, akavitazama vile vipande, akamshika Josineide mikono yote miwili. Halafu akasema tu: "Kula, mwanangu." Tangu siku hiyo tapioka ya kwanza ya asubuhi ni ya Josineide, awepo asiwepo. Asipokuwepo naila mimi, kwa niaba.

Nami nashukuru, na hapa sitanii. Ni mimi niliyesema aachwe auze palepale. Kila nikimsikia Lindalva akigombana na wateja, namshukuru Mungu, halafu namshukuru yule binti na ukaidi wake.

Ila na mimi nipewe haki yangu. Vigae vilipoanza kushuka niliruka kama chui, nikamfunika Josineide kwa mwili wangu, kimoja kikubwa kama meza nikakidaka kwa mkono mmoja, huku wa pili umeshika kikombe cha kahawa, na wala haikumwagika hata—

"Kahawa gani, Mjomba?" Ni Josineide, kumbe amesimama nyuma ya bega langu anasoma. "Wewe si ulikuwa umejificha chini ya meza ya lango?"