Siku jumba la upepo lilipolala Nachingwea, mpwa wangu akiwa ndani

Wakuu, salaam kwenu mlioko kazini, na nyie mlioko kijiweni mnaojifanya mko kazini.

Mimi humu ni msomaji. Naingia, nasoma nyuzi za watu, nacheka, natoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna jambo linanikaa kifuani na mke wangu kachoka kulisikia. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Nimebadilisha majina tu.

Nitaandika taratibu, niko kwenye simu, mnivumilie.

Naishi Ruangwa mjini, nina kirikuu yangu ya kubebea mizigo. Mke wangu tumwite Tausi. Tuna mtoto wa kiume, Faraji, yuko darasa la nne.

Nina mdogo wangu wa kike, Hadija. Yeye yuko kijijini, Mbekenyera. Mumewe, marehemu Issa, alikuwa mkulima kama sisi wote, ila ufuta ukishatoka shambani alikuwa anaingia machimboni kutafuta dhahabu. Kiangazi cha mwaka juzi shimo lilititia akiwa chini. Walimtoa kesho yake. Tukazika.

Aliacha binti, Nasra. Wakati ule alikuwa na miaka minne.

Sasa hapa ndipo penye shida yenyewe.

Siku ya msiba, ili mtoto asione, tulimleta Ruangwa akae na Tausi. Alipoanza kuuliza baba yuko wapi, mama mmoja wa jirani akamjibu, "Baba kasafiri, kaenda Msumbiji." Basi, ikawa hivyo. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Kila mtu aliyeulizwa akajibu hivyo hivyo, mimi nikiwemo. Na kwetu Wamwera mnajua, mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Ningetaka kusema, ningesema. Ila ukimwangalia usoni mtoto anayeuliza, ulimi unakuwa mzito, aisee.

Hadija naye, mimba tumboni, alikaa eda mpaka akajifungua, kisha akarudi shambani. Watu wakamsifia, "Yule mwanamke ana moyo." Hakuwa analia. Pa kulima analima, palipo na shughuli anaenda.

Kitu kimoja tu kilibadilika. Hakuweza kumpoteza Nasra machoni. Watoto wakicheza kombolela, Nasra akijificha nyuma ya nyumba, mama anaacha jiko linaungua anaenda kumtoa. Kuna siku alimtandika kwa sababu tu alijificha kwenye kihenge. Majirani wakasema huyu mama ana hasira. Haikuwa hasira.

Tuendelee.

Likizo hii ya katikati ya mwaka Hadija alikuja na Nasra kwetu Ruangwa. Baada ya siku mbili tatu hivi likapita gari la matangazo, spika inapiga kelele, kwamba Nachingwea kuna michezo ya watoto, iko ndani ya ghala, magari ya umeme, mipira, majumba ya kuruka, wahini kabla likizo haijaisha.

Faraji alinisumbua wakuu! Asubuhi baba Nachingwea, jioni baba Nachingwea. Nikaona isiwe kesi. Ufuta umelipa kidogo, watoto wa huku hawana sehemu za namna hiyo, wanaziona kwenye simu za watu tu. Nikasema Jumamosi tunaenda wote.

Nikatandika godoro nyuma ya kirikuu, Tausi na Faraji wakakaa huko. Mbele mimi, Hadija, na Nasra katikati. (Askari wa barabarani mlioko humu, hii ni hadithi tu.)

Njiani Nasra aliimba mpaka sauti ikakauka.

Lile ghala msimu wa korosho linajaa magunia mpaka juu. Sasa hivi liko tupu, mikorosho ndiyo kwanza inapuliziwa dawa. Mama mmoja mwenye akili ya biashara kalikodi, kapaka rangi kuta, kaweka vitu vyake. Harufu ya magunia bado ipo, lakini nani anajali? Kulikuwa na bwawa la mipira ya rangi, vigari vya kuendesha watoto, trampolini. Na katikati, lile jumba lenyewe la upepo, jumping castle, la njano na bluu, karibu liguse dari.

Kwa ambao hamjaliona: ni nailoni ngumu iliyojazwa upepo na feni kubwa ya umeme inayonguruma muda wote. Mtoto anaingia kwenye mdomo chini, anatambaa kwenye njia nyembamba kama handaki, anapanda ngazi ya upepo, halafu anateleza upande wa pili anaangukia kwenye mipira.

Faraji sikumwona tena. Aliyeyuka.

Nasra akasimama anamwangalia mama yake.

Hadija alikuwa ameketi kwenye benchi, viatu vya watoto kavipakata. Aliuangalia ule mdomo wa handaki muda mrefu. Akasema, "Kacheze kwenye mipira."

Tausi ndiye aliyemwombea. "Wifi, mwache mtoto. Ni upepo mtupu huo. Akiingia huku anatokea kule, unamwona."

Hadija akakubali. Lakini hakurudi kwenye benchi. Alienda kusimama pale pale kwenye mdomo. Nasra akiingia, yeye anazunguka mbio kwenda kumpokea upande wa pili. Watu wakawa wanamtazama mtu mzima anakimbia kulizunguka puto.

Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nasra anateleza, kanga za mama yake zinapepea, anadakwa, anacheka. Na Hadija akacheka. Wakuu, nilikuwa nimesahau kama mdogo wangu ana mwanya. Nilimgusa Tausi, nikamwambia, "Ona."

Hapo hapo umeme ukakatika.

Kwanza taa. Ghala likawa na mwanga ule wa milangoni tu. Halafu feni ikazima, na ule mngurumo uliokuwa masikioni toka tuingie ukakatika, kukawa kimya.

Jumba likaanza kulegea. Halikuanguka ghafla. Minara ya juu iliinama kwanza, kisha kuta zikakaa, kisha lile handaki likaanza kushuka taratibu kama unga ulioumuka ukabonyezwa.

Watoto waliokuwa juu waliteleza wakatoka. Wengine wakatokea mdomoni wanatambaa, wanacheka. Faraji akatoka. Nikahesabu kwa macho, Nasra hayupo.

Mwenye michezo alipiga kelele, "Msiogope, ni upepo tu! Jenereta inawashwa!" Na kweli ilikuwa nailoni tu, kitu unaweza kukiinua kwa mikono. Hilo nalijua sasa. Pale sikulijua.

Hadija hakupiga yowe. Alipiga magoti kwenye ule mdomo akaita, "Nasra!" Anaita, anasikiliza. Anaita, anasikiliza. Akahamia Kimwera, akawa anamwita kwa Kimwera, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, haipandi wala haishuki. Kimya.

Kisha akavua kandambili, akaingia.

Dari la lile handaki lilikuwa limeshashuka, alikuwa anajisukuma kwa tumbo. Tuliona miguu yake tu, halafu na miguu ikapotea.

Mimi nikaingiza mabega nikainua ile nailoni. Mzee mmoja aliyevaa kanzu, simjui mpaka leo, akaja upande wa pili akainua. Tukaona uvimbe unatembea chini ya nailoni, unakwenda mbele, unasimama. Kisha ukaanza kurudi.

Hadija alitoka kinyumenyume, kilemba kimemtoka, Nasra kifuani. Mtoto ana jasho jekejeke, lakini halii. Anashangaa.

Hadija alimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Nimekuita! Kwa nini hukuitika?"

"Niliitika, mama."

"Hukuitika!"

"Niliitika. Mashine ilivyozima nikawa nakusikia wewe tu. Nikawa nasema abee mama, abee mama. Wewe ndiyo hukunisikia."

Hadija akamwachia mashavu. Sura yake ilibadilika, siwezi kuielezea.

"Ulikuwa unanisikia?"

"Ndiyo."

"Muda wote?"

"Muda wote. Ndiyo maana sikuogopa."

Basi mdogo wangu akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya ghala, akalia. Kilio ambacho hakukilia siku ya msiba wala siku ya kutoa tanga, alikilia pale, mbele ya watoto wa watu wenye mipira mikononi.

Kijana mmoja alikuwa ameshatoa simu anarekodi huku anacheka, nadhani aliona vituko vya mama wa kijijini. Tausi alimfuata. Hakumtukana. Alinyoosha mkono tu akamwambia, "Futa, nikiangalia." Akafuta.

Yule mama mwenye michezo alileta maji, akamtandikia Hadija mkeka nje barazani kwenye kivuli cha ghala. Hakuwa mtu mbaya. Na jenereta ilipowaka, Nasra na Faraji walirudi ndani kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea! Safari hii Hadija hakuwafuata. Aliwaacha na Tausi.

Nikakaa naye. Sikumuuliza kitu. Alipokunywa maji akaanza mwenyewe.

Akaniambia, "Kaka, siku ile mimi nilifika shimoni kabla yenu."

Hilo nilikuwa silijui. Sisi tulifika tayari wanaume wanachimba kumtoa, tukamkuta amekaa pembeni na wanawake, tukadhani ndiyo kafika.

Akasema alikuwa amefika mapema, akapiga magoti pale juu, akawa anamwita Issa kwa jina. Alimwita mpaka mtu mmoja akamshika bega akamwambia, "Dada, nyamaza. Chini huko hasikii mtu." Wakamwondoa.

"Nikanyamaza," akasema. "Toka siku ile nawaza kitu kimoja. Nawaza kwamba alikufa akidhani hakuna aliyekuja."

Akajifunga upya kilemba chake.

"Leo mwanangu ananiambia alikuwa ananisikia. Na mimi sikusikia hata kidogo alivyokuwa anaitika. Hata kidogo, kaka."

Wakuu, mimi si mtoto. Najua udongo na mawe si nailoni. Sijui kama Issa alisikia, na hakuna wa kuniambia. Neno lilinifika mdomoni, nikalimeza. Nani aliniteua nimpokonye mtu kitu alichookota baada ya miaka miwili ya kutafuta gizani? Nikamwambia tu, "Hilo linawezekana, Hadija." Na kweli linawezekana.

Tulirudi Ruangwa jua likiwa bado juu. Watoto walilala nyuma kwenye godoro na Tausi. Yaani Nasra alilala nyuma, siyo mbele na mama yake. Wengine mtaona ni kitu kidogo.

Jumatatu yake, tukiwa uani tunapukuchua mbaazi, Hadija akamwita Nasra akamwambia. Hakunishauri, hakumsubiri mtu. Alisema, "Baba yako hakusafiri. Shimo lilimfukia, akafa. Tulikudanganya kwa sababu tulikuwa hatuwezi kusema."

Mimi nikaacha kupukuchua.

Nasra aliendelea kupukuchua kidogo. Akauliza, "Mjomba naye alikuwa anajua?" Nikasema ndiyo. "Na shangazi Tausi?" Ndiyo. "Na Faraji?" Faraji akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akasema, "Kumbe nilikuwa sijui mimi tu." Hapo ndipo akalia. Na nadhani, katika yote, hilo ndilo lililomuuma zaidi: kuachwa nje peke yake.

Wiki iliyofuata niliwapeleka Mbekenyera, tukaenda makaburini. Alitaka kuonyeshwa ni lipi. Akaamkia, "Shikamoo baba." Akachuchumaa, akawa anang'oa majani yaliyoota pembeni, anamweleza mambo ya shule, mwalimu wao mkali, rafiki yake aliyeng'oka jino. Maneno mengi, ya kawaida kabisa. Hadija akachuchumaa naye wakang'oa wote.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Tunasema tunawaficha watoto ili wasiumie, kumbe mara nyingi ni sisi ndio tunaokwepa kuumia mbele yao. Mtoto anaweza kubeba msiba akibebeshwa pamoja na wenzake. Kinachomshinda ni kukaa peke yake na uongo wa watu anaowaamini.

Na mtu aliyefiwa asipolia, msimsifie haraka. Kaeni naye. Muulizeni siku ile alikuwa wapi, aliona nini. Mimi kaka mtu sikuuliza miaka miwili.

(Na mkiwapeleka watoto kwenye hayo majumba ya upepo, ulizeni kwanza kama jenereta iko tayari.)

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike. Nasra ana mdogo wake wa kiume, yule aliyezaliwa baada ya msiba. Siku ile ya Nachingwea tulimwacha kwa bibi yake. Ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno, na ameanza kumwita baba kila mwanaume anayepita na baiskeli.

Waliowahi kumwambia mtoto mdogo kiasi hicho, mlianza na neno gani? Naombeni uzoefu wenu, hata matusi nitasoma.

Sisi wakubwa bado tunajadiliana. Nasra anasema tusihangaike, atamwambia yeye.