Lugha Mbili Mbele ya Hakimu

Siku yangu ya kwanza kazini katika mahakama ya Garsen nilikaripiwa kabla ya saa nne. Shahidi, mfugaji Muorma, alieleza alivyopoteza ng'ombe, nami nikamfasiria hakimu, "Anasema ng'ombe wake walipotea." Karani mkuu, bwana mkali aliyenifundisha kazi, akaninong'oneza, "Dada, hapa hakuna 'anasema'. Ukiwa mkalimani, wewe ndiye yeye. Sema 'ng'ombe wangu'."

Basi saa tatu nilikuwa mfugaji, saa tano mkulima. Kazi ilinifaa, maana baba yangu alikuwa Muorma wa Minjila na mama Mpokomo wa Kulesa, wa wale wanaolima kando ya mto. Kwetu uji uliombwa kwa Kipokomo na maziwa kwa Kiorma, na ukikosea hupewi. Kuna walioniita nusu. Nusu ya nini? Nina lugha mbili kamili, tena Kiswahili juu yake.

Kabla ya kila kesi mkalimani huapa kwamba hataongeza wala kupunguza neno. Nilikuwa nimeapa kwa miaka mingi bila mtu kuguna, mpaka ilipokuja kesi ya malka, yaani njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni. Mkulima alikuwa amepanda mahindi humo, na ng'ombe wakayala yote. Ukumbi ulijaa hadi madirishani.

Sijafungua kinywa, mzee wa wakulima akasimama. "Mheshimiwa, huyu mama, baba yake ni mfugaji. Hatumtaki."

Mzee wa wafugaji naye hakungoja aketi. "Mama yake ni wa mtoni! Maneno yetu atayapunguza."

Hakimu, mgeni kutoka bara, akanigeukia. "Mama, chagua lugha moja. Ya pili tutatafuta mtu mwingine."

Alisema kwa upole, na ningekubali ningebaki na kazi yangu. Lakini nilikasirika. Nimkane mzazi gani mbele ya Garsen nzima?

"Sichagui, Mheshimiwa," nikasema. "Ama mnitumie mzima, ama niende nyumbani leo hii. Na hawa wazee wanazielewa lugha zote mbili, ndizo wanazouziana mbuzi na ndizi sokoni. Wakae mbele. Nikipotosha neno, wasimame."

"Ni kweli mnazielewa?" hakimu akawauliza.

Wazee wakakubali shingo upande, na watu wakaangua kicheko. Wakaketishwa mbele, bega kwa bega, mpaka alasiri. Hakuna aliyesimama.

Nje, mzee wa wafugaji akanifuata. "Binti yetu, umetusemea vizuri." Mzee wa wakulima akadakia, "Yenu wapi? Huyu ni wetu."

"Nilikuwa wenu nyote tangu asubuhi," nikawajibu, nikaenda zangu.

Sasa nimestaafu. Vijana waliozaliwa katika nyumba kama yetu huniambia wanaongea Sheng ya mitaani tu ili isijulikane ni wa nani. Nawahurumia, lakini inaniudhi, maana hawajaiba kitu hata wajifiche. Wajukuu wangu wanaokaa nami nawasemesha lugha zote mbili kutwa. Mkwe wangu, anayekaa nasi, analalamika kwamba nawachanganya, watafeli shule. Nimemwambia waziwazi kwamba hapa ni kwangu, watoto hawa watasema kama walivyozaliwa, na atakayechoka kusikiliza, mlango uko wazi.